Shamba la Mwisho Katika Nchi ya Theluji

Watu wengi wakisikia kwamba Serikali ya Marekani ilipata kuwagawia watu ardhi, hudhani ya kuwa jambo hilo lilikuwa jepesi: mtu aliomba, akapewa, akalala. Sivyo hata kidogo. Sheria ile ilitiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Mwombaji aliandikiwa eka zisizozidi 160 kwa ada ndogo. Lakini asiyetaka kununua hakupata hati mpaka amejenga nyumba, amelima, na kukaa papo hapo miaka 5. Mwaka 1898 sheria ikafikishwa Alaska, nchi ya kaskazini kabisa.

Huko ndiko alikokwenda Ken Deardorff, mzaliwa wa California aliyekuwa askari katika vita vya Vietnam. Mwaka 1974 aliomba shamba ukingoni mwa mto Stony, mahali pasipofika barabara. Yeye na jamaa yake walijenga nyumba zote kwa magogo ya misprusi, miti ya jamii ya misunobari, waliyoikata huko huko. Chakula chao kilikuwa hasa samaki, na nyama ya moose, yaani kulungu mkubwa kama ng'ombe.

Msomaji aliyezaliwa katika joto na afahamu kwanza majira ya huko. Katika bara ya Alaska baridi huweza kushuka hata nyuzi 50 chini ya kiasi cha maji kuganda. Mwezi wa Desemba, kandokando ya mto ule, jua huonekana kwa saa 5 tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima husongamana katika miezi michache ya joto. Samaki hupanda mtoni majira hayo, nao wavuliwe siku zizo hizo, wapasuliwe na kukaushwa kwa moshi. Nyufa za magogo huzibwa kwa majani laini ya kinamasi. Ghala ya chakula huinuliwa juu ya nguzo ndefu, mfano wa dungu, dubu asiifikie. Na kuni! Zikipunguka mwezi wa Februari hapana duka, wala jirani wa kuazima, na watoto wamo ndani.

Wala mtu asidhani kuwa mapori yale hayakuwa na wenyewe. Wadena'ina na Wayup'ik walivua na kuwinda kando ya mito ile tangu zamani sana. Madai ya wenyeji wa Alaska yaliamuliwa kwa sheria mwaka 1971, wakapata eka milioni 44 hivi.

Sheria ya Lincoln ilifutwa mwaka 1976, ila Alaska iliongezewa miaka 10. Deardorff alitimiza masharti yote mwaka 1979, lakini hati yake haikutoka hata Mei 1988. Sisi tufanyao kazi ya afisi twajua jinsi karatasi inavyoweza kulala kashani. Walakini miaka 9 ni mingi kwa mtu aliyekwisha kung'oa visiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya mwisho ya sheria ile.

Trekta yake kuukuu, aina ya Allis-Chalmers, ilitolewa porini baadaye ikapelekwa makumbusho karibu na Beatrice, Nebraska, katika shamba la Daniel Freeman, aliyejiandikisha tarehe 1 Januari 1863, siku ya kwanza sheria ilipoanza kutumika.