Je, Wajua? Mwangwi wa Matema

Ukitoka Matema, wilayani Kyela, kwa mtumbwi kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, Milima ya Livingstone inapanda ghafla kutoka ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Maji yakitulia, ita "Ooo!" kuelekea majabalini, nayo yatakuitikia. Huo ndio mwangwi: sauti iliyogonga kitu kigumu ikarudi ilikotoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewani sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Jibu likichukua sekunde 2, moja ni ya kwenda na moja ya kurudi. Jabali liko kama mita 340 kutoka ulipo. Ukilikaribia chini ya mita 17 hivi, sikio halitenganishi tena mwito na jibu, unasikia mvumo tu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela utapayuka bure: bonde ni tambarare, sauti haina pa kugonga.

Majini sauti hukimbia zaidi, takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi penye kina kirefu kuliko kote, lakini kipimakina kikipiga mlio hapo, mwangwi hurudi kabla sekunde 1 haijatimia.