Naamani na Maji ya Yordani

Sogeeni, watoto, niwasimulie habari za jemadari mmoja wa Shamu aliyeitwa Naamani. Mfalme wake alimthamini sana, kwa maana alirudi na ushindi vitani, na alikopita watu walimpisha. Lakini mtu huyu mkubwa alikuwa na ukoma.

Nyumbani kwake alikuwapo msichana mdogo wa Israeli, aliyetekwa na majeshi ya Shamu na kufanywa mtumishi wa mke wa Naamani. Biblia haikututajia jina lake. Mtoto huyo alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, amwache bwana wake augue. Hakunyamaza. Alimwambia bibi yake kwamba kule Samaria yuko nabii awezaye kumponya.

Naamani akafunga safari. Akabeba talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10 ya kubadili. Hatimaye farasi na magari yake yakasimama mlangoni pa nabii Elisha.

Elisha hakutoka. Alimtuma mtu tu na maagizo: nenda ukaoge Yordani mara saba, utapona.

Jemadari akawaka! Alitegemea nabii mwenyewe atoke, asimame, aliitie jina la Mungu wake na kupunga mkono juu ya ngozi yake. Na kwa nini Yordani? Kwao Dameski walikuwa na Abana na Farpari, mito aliyoiona bora kuliko maji yote ya Israeli. Akageuka, akaondoka kwa ghadhabu.

Hasira hiyo mnaijua. Ukiambiwa uimbe peke yako mbele ya kanisa siku ya Krismasi, unakubali mara moja. Ukiambiwa uje Jumamosi ufagie kanisa hilohilo, unanuna.

Watumishi wake wakamwendea kwa heshima, wakamwita baba, wakamuuliza: kama nabii angemwagiza jambo zito, je, asingelifanya? Angelifanya, tena haraka. Angeambiwa apigane na simba angepigana, kisha angerudi kwao na hadithi ya kujisifia. Kuoga mtoni hakuna sifa. Ni kuvua mavazi ya heshima mchana kweupe, na wale unaowaamrisha kila siku wanakiona kile ulichokuwa unakificha. Mimi naona hapo ndipo penye ugumu wenyewe wa kumtii Mungu. Mara nyingi anachotuagiza tunakiweza kabisa, ila kinatushusha mbele za watu.

Basi Naamani akateremka hadi Yordani, kule bondeni, chini kabisa ya usawa wa bahari. Akazama mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Andiko halituambii kwamba ngozi ilianza kusafika kidogo kidogo ili kumtia moyo. Huenda mara ya sita alitoka majini akajitazama, akajiona yuleyule. Hata hivyo alizama tena. Alipoibuka mara ya saba, mwili wake ulikuwa laini kama wa mtoto.

Alirudi kwa Elisha na msafara wake wote, akakiri kwamba hakuna Mungu duniani kote ila katika Israeli. Alimsihi nabii apokee zawadi. Elisha akakataa katakata, na alifanya vyema: Naamani hakununua uponyaji kwa fedha, wala kwa kule kuzama mara saba. Mungu alimpa bure. Kutii kulimfikisha tu mahali pa kupokea.

Miaka mingi baadaye, Bwana Yesu alimtaja Naamani katika sinagogi la Nazareti, mji aliolelewa. Alisema wenye ukoma walikuwa wengi Israeli wakati wa Elisha, lakini aliyetakaswa ni huyu mgeni kutoka Shamu. Waliomsikia walijaa hasira, wakamtoa nje ya mji, wakampeleka ukingoni mwa kilima wapate kumtupa chini. Na hao walikuwa watu waliosikia Maandiko yakisomwa kila Sabato tangu utoto wao.