Hitilafu Iliyokosa Mwenyewe

Oktoba 2011, mhandisi wa programu Steve Yegge alikusudia kuwaandikia wenzake wa Google peke yao. Kwa bahati mbaya, andiko lake refu likatoka hadharani, likiwa limesheheni kumbukumbu za Amazon, alikofanya kazi zaidi ya miaka 6.

Anasimulia kuwa mnamo 2002 hivi, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alitoa amri: kila kikundi cha wahandisi kitoe data na kazi zake kama huduma, na anayezihitaji aombe kupitia kiolesura chake tu. Kuingia moja kwa moja kwenye hifadhidata ya wenzako, marufuku. Njia za panya, marufuku. Teknolojia kila mtu achague yake. Atakayekaidi, kazi hana.

Amri ilikuwa na sababu. Duka zima la mtandaoni la Amazon lilitegemea programu moja kubwa, Obidos, na kugusa sehemu moja kulitikisa nyingine.

Kitisho cha kufukuzwa kazi ndicho kinachosimuliwa sana. Ila uzito wa andiko la Yegge uko kwenye taabu zilizofuata. Peja, kifaa cha kumwita fundi wa zamu, inalia usiku. Aliye zamu anakagua huduma yake, anaikuta salama. Tatizo linatoka kwenye huduma anayoitegemea. Anapeleka taarifa kwa wenyewe, nao wanagundua linatoka mbele zaidi. Taarifa, asema Yegge, ingeweza kurushwa hivyo mara 20. Kila kikundi kikichukua dakika 15 kujibu, ni saa 5 kabla ya kumpata mhusika, na mteja bado anasubiri.

Kuna jingine. Huduma ikiulizwa hali, inaweza kujibu kwa uchangamfu kuwa ni nzima, kumbe kilichobaki hai ndani yake ni kile kipande cha kujibu salamu tu. Njia ya kuaminika ni kuituma kazi yenyewe na kuona inaleta nini. Hata kikundi rafiki kinaweza kukuzidishia maombi ghafla mpaka uanguke, ndiyo maana ikabidi kila huduma iweke kikomo.

Wahandisi hao waliokesha wanastahili sifa zaidi ya amri yenyewe. Baada ya taabu hizo zote, mwaka 2006 Amazon ilianza kuwauzia watu wa nje huduma zake: S3 ya kuhifadhi data mwezi Machi, EC2 ya kukodi kompyuta Agosti.

Lakini Amazon ilikuwa na vikundi vya kupokezana peja. Ofisi yenye fundi mmoja wa kompyuta itapata nafuu gani ikigawa mfumo wake vipande 10, na zamu zote ni zake?