Kitenzi "Kusoma" na Hukumu ya Mwenye Hedhi: Istilahi za Fikihi katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hukumu za fikihi kuhusu mwanamke mwenye hedhi na usomaji wa Kurani, na namna hukumu hizo zinavyobadilika maana zinapotolewa kwa Kiswahili katika miji ya mpakani ya Busia na Tororo. Inahojiwa kwamba mkanganyiko uliopo hautokani na hitilafu za wanazuoni pekee. Sehemu yake kubwa inatokana na kitenzi kusoma, ambacho hubeba kwa pamoja maana ambazo Kiarabu cha fikihi huzitenganisha. Wanaoathirika zaidi ni wasichana waliokwisha kubaleghe na ambao bado wako katika hifdhi ya Kurani.

1. Mahali na lugha zake

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa Kenya ndiko yaliko makao makuu ya Kaunti ya Busia; upande wa Uganda ni makao ya wilaya yenye jina hilohilo, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, lakini watu, mahindi, nguo na mawaidha vilikuwa vikivuka mpaka huo muda mrefu kabla ya jengo hilo. Kaskazini yake, barabara na reli zinazopita Malaba zinaiunganisha Kenya na Tororo, na kutoka Tororo barabara inaendelea hadi Mbale, kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988.

Uislamu uliingia eneo hili kwa milango miwili. Mmoja ulitoka pwani kupitia Mumias, ambako wafanyabiashara Waswahili walipiga kambi na ambako Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Mwingine ulitoka Buganda, ambako wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamefika kwenye baraza la Kabaka Suuna katika miaka ya 1840. Kwa hiyo msamiati wa dini unaosikika leo Busia na Tororo una mikondo miwili, wa Kiswahili na wa Kiganda, inayokutana juu ya lugha za nyumbani: Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola na nyinginezo. Pande zote mbili za mpaka, madhehebu yaliyoenea ni ya Shafii. Waislamu wa Kisunni wenye asili ya Bara Hindi, hata hivyo, wengi wao hufuata Hanafi, na wahitimu wa vyuo vya Saudi Arabia wamerudi na rai ambazo hazikuzoeleka katika vyuo vya zamani.

2. Wanazuoni wamesema nini

Suala lenyewe lina sehemu mbili ambazo lazima zitenganishwe: kugusa msahafu na kutamka maneno ya Kurani. Katika kugusa, madhehebu manne yanakubaliana kwa msingi kwamba mwenye hedhi hagusi msahafu, ingawa Wamaliki wanamruhusu mwalimu na mwanafunzi. Wanategemea aya ya 79 ya sura ya Al-Waqia, ijapokuwa wapo wafasiri waliosema kwamba aya hiyo inawahusu malaika, pamoja na barua ya Mtume (S.A.W.) kwa Amr bin Hazm iliyopokewa na Imamu Malik katika Muwatta. Ibn Hazm wa Andalusia alilikataa hilo lote na akajuzu kugusa pia.

Katika kutamka, hitilafu ni kubwa zaidi. Washafii, Wahanafi na Wahanbali wanakataza. Dalili mashuhuri ni hadithi ya Ibn Umar iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, inayomkataza mwenye hedhi na mwenye janaba kusoma chochote katika Kurani. Wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake kwa sababu Ismail bin Ayyash aliipokea kutoka kwa mtu wa Hijazi, na mapokezi yake hutegemewa anapopokea kwa watu wa Sham tu. Bukhari hakuitegemea. Katika kitabu chake cha hedhi aliitaja rai ya Ibrahim an-Nakhai asiyeona ubaya wa mwenye hedhi kusoma aya, kisha akaleta hadithi ya Aisha, ambaye aliruhusiwa kutenda kila anachotenda hujaji isipokuwa kutufu. Wanaojuzu husema kwamba hujaji husoma Kurani, na laiti usomaji ungekatazwa ungetajwa pamoja na tawafu.

Wamaliki wamejuzu mwenye hedhi kusoma muda wote damu inapotoka. Sababu wanayoitaja inastahili kuzingatiwa na kila anayeandika sera ya elimu: hofu ya kusahau. Mwenye janaba anaweza kuoga saa ileile, lakini mwenye hedhi hana uwezo wa kuikatiza hali yake. Ndiyo maana, kwa kauli yao inayotegemewa, ruhusa hiyo huondoka damu inapokatika mpaka aoge, kwa kuwa hapo josho limo mikononi mwake. Ibn Taymiyya alielekea kwenye kujuzu, na katika karne iliyopita Ibn Baz alitoa fatwa kwamba mwenye hedhi asome kwa moyo bila kugusa msahafu. Wahanafi nao, pamoja na kukataza, walimtafutia mwalimu wa kike njia: afundishe neno moja moja akikata pumzi kati yake, au nusu aya kwa rai nyingine.

Ndani ya madhehebu ya Shafii kwenyewe katazo si pana kama linavyodhaniwa. Kinachokatazwa ni kutamka kwa ulimi, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, kwa nia ya kusoma Kurani. Kuipitisha aya moyoni bila kutikisa ulimi kunaruhusiwa. Kutazama msahafu ulio wazi kunaruhusiwa. Kusikiliza kunaruhusiwa. Maneno ya Kurani yanayosemwa kwa nia ya dhikiri, kama bismillahi ya kuanza kula au kauli ya mwenye msiba, yanaruhusiwa.

3. Kitenzi kimoja, vitendo vinne

Kitabu kinachosomeshwa kwa wingi katika vyuo vya Kishafii vya Afrika Mashariki ni Safinat an-Naja cha Salim bin Sumayr al-Hadrami. Hapo vikatazo vimepangwa kwa idadi: vinne kwa aliyetengukwa na udhu, sita kwa mwenye janaba, kumi kwa mwenye hedhi. Katika kumi hivyo, kugusa msahafu ni kimoja, kuubeba ni kingine, kukaa msikitini ni cha tatu, kusoma Kurani ni cha nne. Mwandishi hakuvichanganya. Vinachanganyika vinapofasiriwa.

Neno la Kiarabu katika orodha hiyo ni qiraa, na katika fikihi maana yake ni tendo la ulimi. Mwalimu anapolifasiri kwa Kiswahili husema kusoma, na kwa kamusi hajakosea. Lakini kusoma kwa Kiswahili ni pia kupitisha macho juu ya maandishi, ni pia kujifunza, na ni pia kuhudhuria chuo. Mama wa Busia akisema binti yake anasoma Kurani, mara nyingi hazungumzii ulimi wa binti huyo. Anasema binti yake ni mwanafunzi wa madrasa. Katika masikio ya mama huyo, sentensi "mwenye hedhi asisome Kurani" inaweza kumaanisha kwamba binti abaki nyumbani.

Kiganda kinaongeza tabaka jingine. Okusoma kilipata maana ya kushika dini yenyewe tangu karne ya 19, waongofu wa Kikristo walipoitwa abasomi. Kisamia na lugha nyingine za Kiluhya zina kitenzi cha shina hilohilo. Hivyo fatwa iliyoandikwa kwa Kiarabu juu ya mtikisiko wa ulimi huvuka mpaka wa lugha mara mbili au tatu na kufika kijijini ikiwa amri ya kumwondoa mtu katika masomo ya dini yake. Hakuna aliyesema uongo njiani.

Hesabu yake si ndogo. Kwa Washafii muda wa chini wa hedhi ni usiku na mchana mmoja, wa juu ni siku 15, na wa kawaida ni siku sita au saba. Kwa muda wa kawaida, msichana anayezuiwa kuingia darasani hupoteza siku 72 hadi 84 kwa mwaka. Hifdhi ni kazi ya kila siku. Juzuu isiyorudiwa kwa wiki nzima hulegea. Hali hiyo huanza katika umri uleule ambao fikihi humwondolea msichana nafuu ya utoto, kwa maana mtoto ambaye hajabaleghe haziuiwi kugusa msahafu wala ubao wake wa kujifunzia.

4. Kushika, tohara, haifai

Maneno mengine matatu yanahitaji kutajwa, ingawa si kwa kirefu.

Kushika ndilo neno la kila siku kwa kile ambacho Safina imekigawa mara mbili, kugusa na kubeba. Tofauti hiyo ina matokeo: Washafii wanaruhusu kubeba msahafu ulio ndani ya mizigo mingine ikiwa mbebaji hakuukusudia msahafu peke yake, na wanaruhusu kubeba tafsiri ambayo maneno ya maelezo yake yanazidi maneno ya Kurani. Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilishwa mwaka 1969, huingia katika mjadala huu kila inapowekwa mezani. Simu nayo imeleta ugumu wake. Wanazuoni wengi wa leo hawaihesabu simu kuwa msahafu, na kutokana na hilo baadhi ya watu wamedhani kwamba kusoma kwa ulimi kupitia simu kumehalalika pia. Hizo ni hukumu mbili tofauti, na kifaa kinagusa moja tu.

Tohara ni tatizo la aina nyingine. Kiarabu tahara kimezaa Kiswahili twahara na tohara. Vitabu vya dini hupenda umbo la kwanza kwa usafi wa kiibada, lakini si vyote, na matamshi ya bara hayatofautishi sana. Tangu kampeni za tohara ya hiari ya wanaume zianze nchini Kenya mwaka 2008 kama kinga dhidi ya VVU, na katika ukanda ambao Wabukusu na Wagisu wana jando mashuhuri, neno hilo kwa watu wengi ni kutahiri. Mhadhara wenye kichwa "Tohara ya Mwanamke" unaweza kuwaleta ukumbini watu waliotarajia jambo jingine kabisa, tena jambo ambalo sheria za nchi zote mbili zinaliadhibu. Kwa maandishi ya umma, umbo twahara lina faida dhahiri.

La tatu ni haifai. Kwa Kiswahili cha mimbarini neno hili hubeba haramu, makruhu na kutopendeza kwa desturi. Likiambatana na "mchafu" au "ana najisi", uharibifu hukamilika. Fikihi humwita mwenye hedhi mwenye hadathi, yaani hali ya kihukumu. Mwili wake si najisi. Aisha aliposita kumpa Mtume (S.A.W.) mkeka wa kuswalia kwa sababu ya hedhi, alijibiwa kwamba hedhi yake haiko mkononi mwake. Damu ndiyo najisi, si msichana.

5. Pale darasa linapokaa

Hata hukumu ya kusoma ikielezwa sawasawa, linabaki suala la jengo. Madrasa nyingi za vijijini hufanyika ndani ya msikiti, na kukaa msikitini ni kikatazo kinachojitegemea katika madhehebu yote manne. Kwa hiyo mwalimu anayefuata rai ya Wamaliki au ya Ibn Baz bado hawezi kumwita msichana ndani. Kibaraza hutegemea wakfu: kama kiliwekwa wakfu kuwa sehemu ya msikiti, kina hukumu ya msikiti; kama kilijengwa kwa ajili ya viatu na mazungumzo, hakina. Swali hili linajibika kwa kuwauliza wazee waliotoa kiwanja, na ni nafuu kuliko kujenga.

Sera za serikali hazijafika hapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wa shule za umma wapewe taulo za hedhi bila malipo, na Kenya ina sera ya usimamizi wa hedhi ya mwaka 2019 hadi 2030. Madrasa si shule ya umma, hivyo msichana yuleyule analindwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, lililoundwa mwaka 1972, na Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, lililoundwa mwaka uliofuata, ndiyo yenye sauti kwa walimu wa madrasa pande hizi mbili. Mwongozo wa pamoja wa ukurasa mmoja ungetosha, mradi usitumie kusoma peke yake. Uandike kutamka kwa ulimi, kutazama, kusikiliza, kugusa, kubeba, na kila kitendo kipewe hukumu yake pamoja na jina la madhehebu yanayoifuata. Usimlazimishe Mshafii kuacha madhehebu yake. Hakuna haja hiyo.

Kwani hata kwa Shafii mkali kabisa, msichana anaweza kukaa katika chumba kisicho msikiti, msahafu ukiwa wazi juu ya marfaa mbele yake, akifuata kwa macho huku mwenzake mwenye twahara akisoma kwa sauti, naye akirudia moyoni. Mwenzake akiondoka, swali la nani atafungua ukurasa unaofuata lilikwisha kujadiliwa karne nane zilizopita. Rafii alikataa usigeuzwe hata kwa kijiti. Nawawi, katika Minhaj, alimrekebisha na kusema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba kijiti kinajuzu.