Kazi ya kikundi darasani: kila mtoto awe na kipande chake

Katika shule nyingi za kwetu mashariki ya Kongo, mwalimu akitoa kazi ya kikundi, mwisho wake unajulikana mapema. Mtoto mwenye akili nyingi anafanya, mwenye mwandiko mzuri ananakili, wengine wanaweka majina yao chini ya karatasi. Pointi ni sawa kwa wote. Kusikilizana hakujafundishwa hapo, wala uvumilivu.

Jambo hili linatuhusu sisi wa makanisa. Shule nyingi za msingi tunazisimamia kufuatana na mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019, madawati yamejaa. Tena vita imeleta watoto waliokimbia vijiji vyao: huyu nyumbani anasema Kinande, yule Kihunde, mwingine Kinyarwanda au Mashi, na wote wanakaa dawati moja. Kuchekana ni kwepesi.

Shida ya namna hiyo ilikuwa Austin, katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1971. Shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na ugomvi ulikuwa mwingi. Elliot Aronson, mwalimu wa saikolojia kwenye chuo kikuu cha mji huo, aliombwa kusaidia. Yeye na wenzake waliona kwamba desturi ya darasa yenyewe ilikuwa inawagombanisha watoto: mwalimu anauliza, mikono inapanda, na mmoja akikosa, mwenzake anafurahi. Basi wakakata somo vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kimoja tu, na mtihani ukawa juu ya vipande vyote. Aronson anasimulia juu ya mtoto mmoja ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Alipobabaika, wenzake walimcheka. Wakakumbushwa tu kwamba mtihani uko karibu na kwamba kile kipande anacho yeye peke yake. Hawakuhubiriwa. Wakaanza kumuuliza maswali mazuri, polepole, na yeye akaanza kujibu.

Kwetu inawezekana bila mashine ya kutoa kopi. Tuseme somo ni Ziwa Kivu. Mwalimu anaandika vipande vinne kwa mkono: kina chake, kinachozidi mita 450, mto Ruzizi unaopeleka maji yake Tanganyika, gesi ya metani iliyo chini, na sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto wawili wa dawati la mbele wanageuka nyuma, na tayari wako wanne. Mbele ya kufundishana, wote wenye kipande cha gesi wanakutana kwanza kando, wakielezana mpaka kila mmoja afahamu. Hatua hii walimu wenye haraka wanairuka, na ndiyo inayomwokoa mtoto asiyesoma vizuri: anarudi kwa kikundi chake akiwa na la kusema. Kisha kila mmoja anaulizwa peke yake juu ya somo lote, na pointi ni zake.

Mwalimu asiwaombe watoto waliokimbia waeleze mbele ya wengine yale waliyoyaona njiani. Kuna wanaofikiri hiyo ndiyo njia ya kuponya moyo. Sisi tunaona ni hatari. Mtoto aongee juu ya sambaza, asikilizwe, aitwe kwa jina lake. Akitaka kusema mengine, atayasema siku yake kwa mtu anayemwamini.

Tuangalie pia wasichana. Mara nyingi kazi yao katika kikundi ni kuandika kwa usafi tu. Wenye vipande, wote wanasema.

Kelele itakuwepo, hasa juma la kwanza, na direkta anaweza kuja mlangoni kuuliza kuna nini. Mwalimu amwelezee mapema. Somo moja kwa juma linatosha kwa kuanza, na vikundi visibadilishwe kila siku, maana watoto wanahitaji majuma kadhaa kuzoeana.