Mlinda Wiketi Aliyejihukumu Mwenyewe

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tunapita kando ya viwanja vya kriketi bila kusimama. Tunauona ni mchezo wa watu wenye nafasi ya kushinda kutwa nzima wakinywa chai. Leo naomba nikusimamishe kidogo, nikueleze habari za Mwaustralia mmoja, Adam Gilchrist.

Kwanza tuelewane. Mlinda wiketi ni yule anayechutama na glavu zake nyuma ya vijiti vitatu, akingojea mpira uliompita mpigaji. Zamani alichaguliwa kwa mikono ya kudaka tu. Kupiga alipiga nyuma ya wenzake, na akipata mikimbio 30 watu walishukuru.

Gilchrist alivunja mazoea hayo. Mechi za siku moja alizianza mwaka 1996, lakini za siku tano alizingojea hadi Novemba 1999, umri ukikaribia miaka 28. Alirithi nafasi ya Ian Healy, kipenzi cha watu wa Brisbane, na mechi ya kwanza ikachezwa huko huko Brisbane. Katika mechi ya pili, mjini Hobart, Australia ilihitaji mikimbio 369 kuishinda Pakistan. Watu watano walikwisha kutolewa kwa mikimbio 126 tu. Gilchrist akashikamana na Justin Langer, akafikisha 149 bila kutolewa, na Australia ikashinda.

Alipostaafu alikuwa amecheza mechi 96 za siku tano, akapata mikimbio 5,570, na mara 100 aliurusha mpira nje ya mpaka bila kugusa chini. Tangu hapo, mlinda wiketi asiyejua kupiga hupata shida kuitwa timu ya taifa.

Lakini mimi simkumbuki kwa hesabu hizo. Namkumbuka kwa nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2003, Afrika Kusini, dhidi ya Sri Lanka. Alikuwa na mikimbio 22. Mpira uligusa gongo lake, ukadakwa. Mwamuzi akatikisa kichwa: hajatoka. Gilchrist alijua kwamba ameugusa. Akageuka, akaondoka uwanjani mwenyewe.

Wapo watakaosema huo ni ujinga, kwani mwamuzi analipwa kwa kazi gani? Sikubaliani nao. Kosa la mwamuzi haligeuzi uongo kuwa kweli. Tena Australia ilishinda mechi ile na kombe pia.

Mwaka 2007, katika fainali mjini Bridgetown, aliipiga tena Sri Lanka mikimbio 149 kwa mipira 104, huku ameweka kijipira cha skwoshi ndani ya glavu ili ashike gongo vizuri. Wengine walinung'unika, lakini klabu ya MCC, inayotunza sheria za kriketi, ikasema hakuvunja sheria.

Januari 2008, mjini Adelaide, alimwangusha V.V.S. Laxman wa India, yaani mpira rahisi ulimponyoka. Hakusingizia jua wala glavu. Aliona kwamba wakati wake umekwisha, akatangaza kustaafu.

Ndugu msikilizaji, maofisini na sokoni kwetu, ni wangapi huondoka kabla ya kufukuzwa? Wengi tunamtazama mwamuzi: kama hakuona, tunaendelea kupiga. Tutafakari hilo hadi wiki ijayo.