Kadi Inakuingiza, Ukoo Unakukalisha

Harusi ya Dar es Salaam huanzia kwenye simu, miezi kadhaa kabla ukumbi haujapambwa. Unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa, unakuta orodha ya majina, na mbele ya kila jina ahadi na kiasi kilicholipwa. Zamani mweka hazina wa kamati ya harusi alizunguka na daftari, ukaweza kumkwepa. Tangu M-Pesa ifike Tanzania mwaka 2008, kisingizio cha "hatujaonana" kimekufa. Ukimaliza mchango unapata kadi: singo ya mtu mmoja au dabo ya wawili. Mwenye singo akija na mwenzi wake, atajieleza kwa vijana wa mapokezi mlangoni. Watoto wabaki nyumbani.

Asiyezijua harusi zetu atadhani kwamba aliyechanga zaidi ndiye atakayekaa mbele. Wapi! Hela humaliza kazi yake mlangoni. Ndani kunatawala ukoo. Jukwaani wanakaa maharusi na wasimamizi wao, ambao mara nyingi ni mtu na mkewe. Chini ya jukwaa, upande huu wazazi wa bibi harusi, upande ule wa bwana harusi, na nyuma yao mashangazi, wajomba, baba wadogo na mama wakubwa. Kamati wana meza yao na sare yao. Wafanyakazi wenzao maharusi na majirani wanafuata huko nyuma. Bosi aliyetoa milioni anaweza kuangukia meza iliyo jirani na spika, na mjomba aliyefika na basi la asubuhi bila senti ya mchango akakaa mstari wa kwanza. Zipo kamati zinazotoa kadi za VIP. Mimi sizipendi: siku mjomba atakapoambiwa meza hiyo imelipiwa, harusi imeshaharibika.

Kazi ngumu ni kumwinua mtu mzima aliyekaa pasipo pake. Kijana mwenye adabu huinama kwanza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anakuuliza. Amekuwekea kiti kule kwetu, hapa wanakaa wakwe."

Shangazi anachukua mkoba wake na kuondoka akitabasamu, maana ameitwa, hakufukuzwa. Kijana asiyefundwa angesema "hii meza si yako", na maneno hayo yangesimuliwa mpaka kwenye misiba.

Chakula nacho kina zamu: jukwaa, wazazi, kisha mshereheshaji anaita meza moja moja. Kuinuka kabla hujaitwa ni aibu, na kujaza sahani mlima wakati foleni bado inapinda ukumbini ni aibu zaidi. Wengi wanavumilia njaa lakini hawavumilii kukosa tukio la keki, bibi harusi anapopiga magoti kuwalisha wakwe zake. Kwenye harusi za Wachaga hufuata ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na kusimamishwa na majani mdomoni, ambaye watu humwita keki ya Kichaga. Zawadi hupelekwa kwa kucheza, kundi baada ya kundi, vitenge vikipeperushwa. Hata asiye na bahasha hujiunga na mstari wa kundi lake.

Kule Zanzibar, wanaume wakishatoka kwenye nikaha hukaa mikekani, wanne au watano kwenye sinia moja la pilau. Aliyefika ndiye anayekaa. Adabu iko mkononi: unakula mbele yako, huvuki kufuata nyama ya mwenzako.

Kwa wanakamati wa Dar es Salaam shughuli haiishi ukumbi unapofungwa. Baadaye hukutana tena kuvunja kamati, kwa nyama choma na vinywaji. Mweka hazina husoma mapato na matumizi, halafu huwataja walioahidi wasilipe, wakiwemo wawili watatu waliokwisha kula pilau na kucheza hadi saa sita usiku.